Sura ya 5: Bath, Mji Uliolelewa na Maji ya Moto

Watu wakisikia kwamba Uingereza kuna mji uliopata jina, mali na wageni kwa sababu ya maji ya moto yanayobubujika ardhini, huuliza maswali mawili. La kwanza: maji hayo yanaponya kweli? La pili hufuata papo hapo: kama hayaponyi, imekuwaje watu wayaendee kwa karibu miaka 2,000, kizazi baada ya kizazi?

Mji wenyewe ni Bath. Upo kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye bonde la mto Avon, kilomita 160 hivi kutoka London. Hauna bandari kubwa, hauna dhahabu, na haujawahi kuwa makao makuu ya nchi. Ulichojaliwa ni chemchemi tatu za maji ya moto zilizo karibu karibu, umbali wa kutembea dakika chache. Kutokana na chemchemi hizo Bath ukawa mji wa maji tiba, yaani mji ambao watu huuendea ili waoge au wanywe maji ya asili wakitumaini kupata afya, na ambao biashara zake zote huwategemea wageni hao.

Nitayajibu maswali yote mawili. Msimamo wangu niuseme mapema: maji ya Bath yamewasaidia wagonjwa wa aina fulani, na sababu zake zinaeleweka. Lakini mji umedumu kwa sababu kila zama ziliyapa maji yaleyale kazi mpya pale kazi ya zamani ilipochakaa.

Maji yanatoka wapi, na nani anayapasha moto?

Katika Bonde la Ufa, kwa mfano kando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya, chemchemi huchemka kwa sababu miamba yenye moto wa volkano iko karibu na uso wa ardhi. Bath haina volkano. Maji yake hupata moto kwa kwenda mbali sana chini.

Mvua hunyesha kwenye vilima vya Mendip, kusini-magharibi mwa mji. Maji hupenya kwenye mawe ya chokaa, ambayo yana nyufa na mianya mingi, yakashuka polepole hadi kina cha kati ya mita 2,700 na 4,300. Ardhi huzidi joto kadiri unavyoshuka, kwa hiyo huko chini maji hufikia kati ya nyuzijoto 64 na 96. Yakisukumwa na uzito wa maji mengine yanayoshuka nyuma yake, hupata upenyo kwenye nyufa zilizo chini ya mji na kupanda. Safari hiyo huchukua maelfu ya miaka. Mtu anayeingia bwawani leo anaoga mvua iliyonyesha kabla Uingereza haijawa na mfalme hata mmoja.

Chemchemi kubwa kuliko zote, iitwayo Chemchemi ya Mfalme, hutoa lita 1,170,000 kila siku, zikiwa na joto la nyuzi 46. Ndani yake mna madini ya aina 43. Chuma ndicho huacha madoa ya rangi ya chungwa kwenye mawe, na ndicho hutoa ile ladha ya kutu unapoyanywa. Rangi ya kijani inayoonekana kwenye picha haitoki ardhini. Ni mwani, majani madogo mno ya majini ambayo huota kwa sababu siku hizi bwawa kubwa liko wazi juani. Enzi za Warumi lilikuwa na paa.

Mungu wa kike na mabwawa ya Warumi

Kabla ya Warumi, wenyeji wa Kikelti waliamini kuwa mahali maji ya moto yanapotoka pana mungu wa kike aliyeitwa Sulis. Kuna hadithi ya zamani kwamba mwanamfalme Bladud, aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya ukoma, alikuwa akichunga nguruwe bondeni. Akaona nguruwe wenye vidonda wakigaagaa kwenye tope la moto na kupona, naye akaingia, akatakasika. Hiyo ni hadithi tu. Hata hivyo, inaonyesha jinsi watu wa Bath wenyewe walivyopenda kujieleza: mji wetu ulianza na mgonjwa aliyepona.

Warumi waliivamia Uingereza mwaka 43 BK. Walipofika bondeni hawakumfukuza Sulis. Walimuunganisha na mungu wao wa hekima, Minerva, akawa Sulis Minerva, na mji wakauita Aquae Sulis. Kuanzia miaka ya 60 na 70 BK wakajenga hekalu, na kando yake hamamu kubwa, yaani nyumba ya kuogea ya umma.

Mhandisi wa Kirumi alikuwa na kazi ngumu: kujenga juu ya tope linalobubujika. Waliizungushia chemchemi ukuta wa mawe na ndani wakatandika madini ya risasi, yaliyochimbwa kwenye vilima vilevile vya Mendip, ili maji yasivuje. Kutoka hapo maji yakapelekwa kwenye Bwawa Kubwa lenye kina cha mita 1.6, ambalo sakafu yake imefunikwa kwa mabamba 45 ya risasi. Mabamba hayo bado yapo, na bado yanashika maji. Mfereji waliouchimba wa kupeleka maji ya ziada mto Avon nao bado unafanya kazi.

Kuoga kwa Warumi kulikuwa na utaratibu wake. Mtu alianza chumba cha vuguvugu, akaingia chumba cha joto kali, akapakwa mafuta na kukwaruliwa jasho na uchafu kwa chuma kilichopinda, kisha akajitosa kwenye maji baridi. Sakafu za vyumba vya joto zilisimama juu ya vinguzo vya matofali, na hewa ya moto kutoka kwenye tanuri ikapita chini yake. Watu walikutana hapo, wakazungumza biashara, wakacheza, wakala.

*Walioibiwa na vibao vyao*

Vitu vinavyonigusa kuliko vyote pale ni vidogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Ni vibao vyembamba vya risasi, kama 130, vilivyotolewa ndani ya chemchemi. Mtu aliyeibiwa aliandika malalamiko yake kwenye kibao, akakikunja na kukitupa majini ili Sulis Minerva amlipizie kisasi.

Mwanamume mmoja, Docimedes, alipoteza glavu zake mbili. Aliomba mwizi apotelewe na akili na macho. Wengine waliibiwa joho, vyombo, sarafu, hata nguo walizovua walipoingia kuoga. Kwa kuwa mwizi hakujulikana, waliandika kwa tahadhari: awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au mtu huru. Wengine waliandika maneno kinyumenyume ili yawe na nguvu zaidi. Historia ya Warumi tumezoea kuisoma kwa majina ya makaisari na majemadari. Hapa anazungumza mtu wa kawaida aliyerudi kutoka bwawani akakuta nguo zake hazipo.

Pamoja na vibao zilipatikana sarafu zaidi ya 12,000 walizomtolea mungu huyo.

*Kwa ufupi*
- Maji ya Bath ni mvua ya kale iliyopashwa moto na kina cha ardhi, wala si volkano.
- Kwa Wakelti chemchemi ilikuwa mahali patakatifu. Warumi waliuhifadhi utakatifu huo na kuongeza hamamu.
- Watu walikuja kuoga, kuomba, kushtaki na kukutana. Tiba ilikuwa sababu moja kati ya nyingi.

Watawa, wafalme na wagonjwa

Utawala wa Kirumi ulipoondoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 5, hakukuwa tena na mtu wa kuzibua mifereji. Tope likajaa, paa likaanguka, na hekalu likazama kwenye kinamasi. Chemchemi haikukoma kutoka.

Mamlaka iliyofuata ilikuwa ya kanisa. Katika monasteri ya Bath, mwaka 973, Edgar alivikwa taji kuwa mfalme wa Waingereza. Katika karne ya 12 lilijengwa Bwawa la Mfalme juu ya hifadhi ya maji ya Warumi, na wagonjwa wakawa wanakaa kwenye vijumba vya ukutani, maji yakiwafika shingoni. Kanisa la Abasia tunaloliona leo lilianza kujengwa mwaka 1499 na Askofu Oliver King. Inasimuliwa kwamba aliota malaika wakipanda na kushuka ngazi, na ndiyo maana kwenye uso wa kanisa, pande mbili za dirisha kubwa, kuna malaika wa mawe wanaokwea ngazi. Mfalme Henry VIII alipozifunga monasteri, ya Bath ilifungwa mwaka 1539, na baadaye mabwawa yakawa mali ya mji.

Sifa ya tiba ikazidi kuenea. Mwaka 1687 Malkia Maria wa Modena, aliyekuwa akitamani mtoto wa kiume, alikuja kuoga Bath, na mwaka uliofuata akajifungua mwana. Habari kama hiyo ilitangaza mji kuliko mpiga mbiu yeyote. Lakini si kila mtu aliridhika. Samuel Pepys, ofisa wa serikali anayejulikana kwa shajara yake, alioga hapo mwaka 1668 akajiuliza inawezekanaje maji yawe safi na miili mingi namna ile ndani yake. Swali lake lilikuwa la haki, nasi tutalirudia.

Watu watatu walioupa mji sura mpya

Malkia Anne alikuja Bath mwaka 1702 na 1703, na matajiri wakamfuata. Walikuta mji mdogo wenye nyumba duni na barabara chafu. Ndani ya karne moja mji wa watu elfu mbili au tatu ukawa na zaidi ya 30,000. Mabadiliko hayo yalibebwa na wengi, lakini watatu wanatajwa daima.

1. Richard Nash (1674–1761), maarufu kama Beau Nash, ndiye aliyeweka adabu. Akiwa msimamizi wa shughuli za starehe alipiga marufuku panga mjini, kwa sababu vijana walikuwa wakiuana kwa ugomvi wa kamari na heshima. Aliamuru dansi zimalizike saa tano usiku, na hata binti wa mfalme, Amelia, alipoomba dansi moja zaidi, alikataliwa. Alizuia viatu vya kupandia farasi ukumbini. Tajiri mpya na bwana wa ukoo wa kale walitakiwa kufuata kanuni zilezile.

2. Ralph Allen (1693–1764) alitajirika kwa kupanga upya usafirishaji wa barua, kisha akanunua machimbo ya mawe ya Combe Down, juu ya mji. Mawe hayo ya chokaa yana rangi ya asali. Ni laini yanapochimbwa, hivyo hukatika vizuri, kisha hukomaa hewani. Alijenga njia ya reli ya mbao ya kuyateremsha hadi mtoni kwa mabehewa.

3. John Wood (1704–1754), msanifu majengo, aliota kuirudisha fahari ya Warumi. Alikodi ardhi kwa muda mrefu, akachora sura ya mbele ya mtaa mzima, kisha akawagawia wajenzi viwanja. Kila mjenzi alilazimika kufuata mchoro wa mbele. Nyuma ya ukuta huo alijenga apendavyo.

Kwa mpango huo nyumba nyingi za watu mbalimbali zilionekana kama kasri moja. Wood alijenga Queen Square, akaanza The Circus, mtaa wa duara kamili, na kufariki mwaka uleule wa 1754 ulipoanza. Mwanawe, aliyeitwa John Wood vilevile, aliumaliza na kisha akajenga Royal Crescent kati ya 1767 na 1775: nyumba 30 zilizojipinda kama mwezi mwandamo, zenye nguzo 114, zikitazama uwanja wa majani. Ukizunguka nyuma utaona ukweli wa biashara ile. Paa zinapanda na kushuka, madirisha hayalingani, na kila nyumba ina umbo lake.

*Siku moja ya mgeni*

Chukua mwanamke wa tabaka la juu aliyefika Bath miaka ya 1750. Anaamka alfajiri, anavaa gauni zito la kitani la kahawia, na wachukuzi wawili wanambeba kwenye kiti chenye kuta na paa mpaka bwawani. Anaingia majini akiwa amevaa gauni lilelile, na kando yake kinaelea kisinia chenye leso na maua ya kunusa. Akitoka anafungwa mablanketi na kurudishwa kitandani atoke jasho. Baadaye anakwenda ukumbi wa kunywea maji, anakunywa glasi tatu za maji ya moto huku wanamuziki wakipiga. Hufuata kifungua kinywa, ibada Abasia, matembezi, maduka, barua. Jioni ni dansi, tamthilia au meza ya karata.

Utaona tiba ilichukua saa chache tu za siku hiyo. Zilizobaki zilitumika kuonekana, kutafutiana wachumba na kujenga urafiki wenye manufaa. Jane Austen, mwandishi aliyeishi Bath kati ya 1801 na 1806, aliuweka ulimwengu huo kwenye riwaya zake *Northanger Abbey* na *Persuasion*.

Palikuwa na nafasi ya elimu pia. William Herschel alikuja Bath kama mwanamuziki na mpiga kinanda wa kanisa. Usiku alitengeneza darubini nyumbani akisaidiwa na dada yake Caroline. Tarehe 13 Machi 1781, akiwa kwenye bustani ya nyumba yake ya New King Street, aliona kitu ambacho baadaye kilithibitika kuwa sayari. Ni Uranus, sayari ya kwanza kugunduliwa kwa darubini.

Uzuri huu ulilipiwa na nani?

Hatuwezi kusifu nguzo 114 bila kuuliza fedha zilitoka wapi. Kilomita 20 hivi upande wa magharibi kuna Bristol, bandari iliyokuwa miongoni mwa vituo vikuu vya biashara ya utumwa Uingereza katika karne ya 18. Meli zake zilikwenda Afrika Magharibi, zikachukua watu, zikawauza visiwa vya Karibi, zikarudi na sukari. Wenye mashamba ya miwa walikodi nyumba Bath, wakacheza dansi zake na kunywa maji yake. Familia ya Pulteney, ambayo jina lake limebaki kwenye daraja maarufu la mji, ilikuwa na mashamba huko. William Beckford, aliyejenga mnara unaoonekana juu ya kilima cha Lansdown mwaka 1827, alirithi utajiri uliotokana na jasho la watumwa wa Jamaica.

Jambo hili si tanbihi. Mawe yalitoka Combe Down, lakini sehemu ya malipo yake ilitoka kwa watu ambao hawakuwahi kuliona bonde la Avon. Kwa mgeni anayeyajua haya, uzuri wa mji haupungui machoni pake. Anauona mzima.

Basi, maji yalitibu?

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Ushahidi mzuri unatoka kwenye hospitali ya maji tiba iliyofunguliwa Bath mwaka 1742 kwa ajili ya maskini. Nash alichangisha fedha, Allen alitoa mawe bure, Wood alichora ramani bila malipo. Mgonjwa alitakiwa kuja na fedha za akiba, ziwe nauli ya kurudi kwao akipona au gharama ya maziko akifa. Kwa kuwa wagonjwa walilazwa na kuandikwa, tunajua nani walipata nafuu.

Kundi moja lilipona kuliko mengine: watu waliopooza mikono au kuumwa vibaya tumbo kwa sumu ya risasi. Walikuwa mafundi rangi, mafundi mabomba, na wanywaji wa vinywaji vilivyopitia vyombo vya madini hayo. Sababu inaeleweka leo. Mwili ukikaa muda mrefu majini mpaka shingoni, msukumo wa maji hupeleka damu nyingi zaidi kifuani. Mwili hudhani una maji ya ziada, figo hufanya kazi zaidi, na mkojo mwingi hutoka ukibeba sehemu ya sumu. Hospitalini walipata pia chakula kizuri na kukaa mbali na kazi iliyokuwa ikiwaua.

Wenye baridi yabisi, yaani maumivu na ukakamavu wa viungo, nao walipata unafuu. Maji hubeba uzito wa mwili na joto hulegeza misuli, kwa hiyo goti lisilokunjika nchi kavu huweza kukunjika bwawani. Unafuu huo ni wa kweli, ingawa haung'oi ugonjwa.

Kwa hiyo jibu ni hili:
- Maji ya moto husaidia viungo na misuli, na yaliwasaidia wenye sumu ya risasi.
- Kuna faida pia ya kupumzika, kula vizuri na kuhama mazingira mabaya.
- Hakuna sababu ya kuamini kuwa yaliponya ukoma, utasa au kila ugonjwa uliotajwa kwenye matangazo ya zamani.

Pale Bath ilipokutana na Afrika Mashariki

Septemba 1864 wanasayansi wa Uingereza walikusanyika Bath kwa mkutano wao wa mwaka. Watu walisubiri kwa hamu mjadala wa tarehe 16 kati ya Richard Burton na John Hanning Speke kuhusu chanzo cha mto Nile. Wawili hao walitoka Zanzibar mwaka 1857, wakafika Ujiji pamoja mwaka 1858. Kisha Speke peke yake, Burton akibaki Kazeh, karibu na Tabora ya leo, alifika ufukwe wa kusini wa ziwa aliloliita Victoria, karibu na Mwanza. Alishikilia kuwa hapo ndipo Nile inapoanzia. Burton alikataa.

Mjadala haukufanyika. Tarehe 15, siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa kwenye uwindaji kijijini, si mbali na Bath. Uchunguzi uliamua ilikuwa ajali. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa lile, na ikathibitika Speke alikuwa sahihi.

Waliowaongoza wazungu hao hawakuwamo kwenye orodha ya wasemaji. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru, alitembea na Speke safari zote mbili za ziwa hilo, wakielewana kwa Kihindustani. Bila yeye na wapagazi wa pwani na Unyamwezi, Bath isingekuwa na cha kujadili.

Mgeni mwingine alikuja kwa uchungu. Italia ilipoiteka Ethiopia, Mfalme Haile Selassie alikimbilia Uingereza, na kuanzia 1936 hadi 1940 aliishi Bath katika nyumba iitwayo Fairfield House. Alirejea Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, baada ya majeshi kupita Sudan na Kenya, wakiwemo askari wa King's African Rifles waliotoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakusahau wenyeji wake: mwaka 1958 aliutolea mji nyumba ile itumike kwa ajili ya wazee.

Kushuka, moto na kufungwa

Mwishoni mwa karne ya 18 mitindo ilibadilika. Madaktari walianza kusifu maji ya bahari, na matajiri wakahamia Brighton. Mwaka 1793 benki za Bath zilianguka na majengo yakasimama nusu. Reli kutoka London ilikamilika mwaka 1841, lakini treni hiyohiyo iliweza kuwapeleka wageni kwingine.

Kilichouokoa mji kilikuwa chini ya miguu yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, msanifu majengo wa mji, Charles Davis, alipokuwa akifuatilia maji yaliyokuwa yakivuja, aliyafukua mabwawa ya Kirumi. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 1897, na tangu hapo watu wakaanza kuja kutazama kuliko kuoga.

Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Ujerumani zilishambulia Bath na kuua watu zaidi ya 400. Ukumbi wa dansi wa mwaka 1771 uliteketea, ukajengwa upya na kufunguliwa 1963. Baada ya vita hatari ilitoka ndani: mitaa mingi ya nyumba ndogo za zamani ilibomolewa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, mpaka wananchi wakapaza sauti.

Pigo la mwisho liligusa maji yenyewe. Mwaka 1978 msichana mmoja alifariki baada ya kuogelea. Chanzo kilikuwa amiba, kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachopenda maji ya vuguvugu na kuingia ubongoni kupitia puani. Mabwawa yakafungwa. Swali la Pepys lilikuwa limerudi. Mji ulichimba visima virefu vya kuchukua maji kabla hayajachafuka, ukaweka mitambo ya kuyasafisha, na mwaka 2006 ukafungua Thermae Bath Spa.

Ukifika Bath

Treni kutoka kituo cha Paddington, London, huchukua saa moja na nusu hivi. Mji hutembeleka kwa miguu.

- Mabwawa ya Kirumi. Huruhusiwi kuoga humo. Tafuta vibao vya laana na kichwa cha shaba cha Sulis Minerva, kilichofukuliwa na vibarua mwaka 1727.
- Ukumbi wa Pump Room, pembeni mwa mabwawa, ambako unaweza kuyaonja maji hayo ya vuguvugu.
- Abasia ya Bath. Tazama malaika na ngazi zao kabla ya kuingia.
- The Circus na Royal Crescent. Nyumba namba 1 ya Crescent ni makumbusho. Usiondoke bila kuona upande wa nyuma.
- Daraja la Pulteney, lililomalizika 1774 kwa mchoro wa Robert Adam, lenye maduka pande zote mbili.
- Makumbusho ya Herschel, na bustani ilipoonekana Uranus.
- Thermae Bath Spa, ukitaka kuoga. Bwawa la juu ya paa hutazama minara ya mji.

Somo la mji huu

UNESCO iliuweka mji wote kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mwaka 2021 uliingizwa tena, ukiwa mmoja kati ya miji 11 ya maji tiba barani Ulaya. Sifa hizo hazikuja kwa bahati. Tangu 1982 kuna sheria inayodhibiti uchimbaji wa kina kirefu mjini, ili mtu asije akajenga msingi au kisima na kukata njia ya maji. Kwanza wamelinda chanzo, kisha wakabuni matumizi.

Na matumizi yanaendelea kubuniwa. Katika miaka ya karibuni joto la maji yanayopita kwenye mfereji ule wa Kirumi limeanza kuchukuliwa kwa mitambo na kulipasha joto kanisa la Abasia. Maji yaliyokuwa ya mungu wa kike, kisha ya watawa, ya wacheza dansi na ya watalii, sasa yanafanya kazi ya kuni na gesi. Mji wowote wenye chemchemi ya namna hii unaweza kujifunza hapo: tiba inaweza kupitwa na wakati, mitindo ikahama na majengo yakaungua, lakini chanzo kikihifadhiwa, watu watakaokuja baadaye watakipatia kazi.